Flati Ndani ya Sentensi

Nota za kwaya zilizoandikwa kwa solfa zinaweza kumalizika bila shapu wala flati hata moja: fa iliyopandishwa nusu toni huandikwa fe, na ti iliyoshushwa huandikwa ta. Shapu na flati hubaki hasa juu ya ukurasa, panapotajwa ufunguo: Doh = E♭. Na hapo ndipo waandishi wengi hupiga b ya kawaida, wakaendelea na kazi.

Watetezi wa mazoea hayo husema msomaji ataelewa. Kwa Eb, sawa. Lakini uchambuzi unaofuata desturi ya kuandika funguo za maina kwa herufi ndogo, ambamo b ni ufunguo kamili, haumwachii msomaji uhakika huo. Shapu nayo si alama ya namba iliyovaa nguo nyingine. Katika # vistari vya kulala vimenyooka, vya wima vimeinama. Katika ♯ vya wima vimesimama, na vya kulala vimepanda kuelekea kulia visije vikapotelea ndani ya mistari mitano ya nota. Yunikodi imezitenga: U+0023 na U+266F.

Dawa inayopendwa, yaani kuchota alama kwenye fonti ya muziki, huzaa ugonjwa mwingine. Kiwango cha fonti za muziki cha SMuFL, kilichoanzia kampuni ya Steinberg na kutangazwa mwaka 2013 pamoja na fonti ya Bravura, huchora shapu ikizunguka kimo cha nota yake, nusu juu na nusu chini. Ukubwa wa fonti hupimwa kwa kimo cha mistari mitano. Ukiitia shapu hiyo katika sentensi, inazama chini ya mstari wa maandishi na ukubwa wake haulingani na herufi jirani. Ndiyo maana ikatengenezwa Bravura Text. Hata hivyo, msimbo wake wa flati, U+E260, umo katika eneo la matumizi binafsi la Yunikodi. Nakili jina la ala lenye flati kutoka kwenye programu ya nota ukalibandike kwenye barua, na pengine utapata kisanduku kitupu.

Kwa maoni yangu faili lihifadhi maana, si umbo: flati ibaki U+266D, na programu yenyewe ibebe kazi ya kuipandisha, kuipunguza, kuisogeza karibu na herufi yake, na kuzuia B isibaki mwishoni mwa mstari huku ♭ ikianguka mstari unaofuata. Amri ya \flat katika programu ya nota ya LilyPond inakaribia wazo hili, ila mwandishi hulazimika kuijua.

Pingamizi lenye uzito ni alama ya flati mbili. Iliingia Yunikodi mwaka 2001 kama U+1D12B, na fonti nyingi za maandishi hazina mchoro wake. Basi programu iazime mchoro huo kutoka fonti ya muziki wakati wa kuonyesha na kuchapa. Msimbo uliohifadhiwa usiguswe.