Bibi wa Kimisagara: tarehe ya nyumba moja

Kigali ina mwaka wake wa kuzaliwa. Ni 1907, pale Mjerumani Richard Kandt, mwakilishi wa serikali ya kikoloni katika nchi ya Mwami Yuhi Musinga, alipoweka makao yake kwenye kilima cha Nyarugenge. Bibi yetu hakuwa na mwaka. Kitambulisho chake kilisema alizaliwa tarehe 1 Januari, kama walivyoandikiwa wazee wengi wa Rwanda ambao hakuna daftari lililopokea habari ya kuzaliwa kwao. Mwenyewe alijihesabu kwa njaa. Ruzagayura ilipoingia, mwaka 1943, alikuwa tayari msichana wa kutumwa maji, na aliwakumbuka watu walioshuka kutoka vilimani wakitafuta chakula mjini, wengine wakikaa chini njiani wasiinuke tena. Kwa hesabu hiyo alituacha akiukaribia mwaka wa 90.

Naandika tarehe yake kwa sababu Kimisagara haina nyingine. Wanaoandika juu ya Kigali huitaja kata hii mvua zinapoleta maafa, au wanapotaka mfano wa mahali palipobanana. Nani alikuja lini, akapokelewa na nani, akaoa kwa nani, hayo yalikaa vichwani mwa akina mama wa pale, na wao wanaondoka mmoja mmoja.

Alizaliwa Biryogo, upande wa juu. Baba yake alikuwa fundi cherehani, mtoto wa mtu aliyefika na misafara kutoka pande za Tabora wakati wa Wajerumani. Mama yake alikuwa Mnyarwanda wa vilimani aliyesilimu alipoolewa. Watu wa namna hiyo, askari, wapagazi, wachuuzi na mafundi kutoka pwani na bara la Tanganyika, ndio walioanzisha Uislamu wa Kigali, na msikiti wa Al-Fatah wa Nyamirambo uliojengwa 1913 ni kazi ya kizazi chao. Wabelgiji walipochukua nchi waliwaweka katika mtaa wao, wakawadai kibali cha kutoka na kuingia. Shule nzuri zilikuwa mikononi mwa mapadri, na mzazi Mwislamu aliogopa kumpeleka mtoto akarudi na jina jingine. Bibi alisoma chuoni tu, kwa mwalimu wa Kurani. Alijua kuandika jina lake kwa herufi za Kiarabu miaka mingi kabla hajaliandika kwa Kilatini.

Aliolewa na dereva wa lori aliyekwenda Bujumbura na kurudi. Uhuru ulipokuja, tarehe 1 Julai 1962, Kigali ikafanywa mji mkuu, na mji mkuu wenyewe ulikuwa na watu wapatao 6,000. Leo wamezidi milioni 1.7. Kati ya tarakimu hizo mbili ndipo Kimisagara ilipojengwa, na bibi alikuwapo.

Kutoka Nyamirambo ardhi inashuka kwa kasi chini ya Mlima Kigali hadi bonde la Nyabugogo. Huo mteremko, wakati wanahamia, ulikuwa na migomba, mihogo na nyumba chache. Viwanja vilikuwa rahisi kwa sababu mwenye fedha hapendi kuishi ukingoni. Walijenga kwa rukarakara: udongo unachimbwa papo hapo, unamwagiwa maji, unakanyagwa kwa miguu pamoja na majani makavu, unajazwa kwenye kibao na kuanikwa juani. Bibi alikanyaga udongo huo akiwa na mimba ya mama yangu mkubwa, na jambo hilo hakuacha kulisema. Kila mjukuu aliyelalamika kwamba nyumba ina giza alikumbushwa ukuta ule ulikanyagwa na nani.

Nyabugogo ndiyo iliyoifanya Kimisagara. Mabasi ya Kaskazini, Kusini, Magharibi, ya Kampala na Bujumbura, yote yalimwaga watu pale, na mtu aliyeshuka bila ndugu mjini alipanda mteremko kutafuta pa kulala kwa bei ndogo. Bibi alikuwa akikaanga maandazi alfajiri kwa ajili ya wasafiri, basi wengi walimjua kabla ya kumjua mtu mwingine yeyote Kigali. Mgeni akifika mlangoni, aliulizwa swali moja: mama yako ni nani? Kabila halikuulizwa nyumbani kwetu, ingawa enzi hizo liliandikwa kwenye vitambulisho tangu Wabelgiji waanze kuvitoa miaka ya 1930. Akitajiwa mama, na mama wa mama, na kijiji walikotoka, bibi angefuata njia hiyo mpaka apate mahali inapokutana na watu anaowajua. Akipata, mgeni alikuwa mtoto wa ndugu. Asipopata, alisema watapata baadaye, akamwonyesha mkeka.

Ndiyo maana ukoo wetu una watu ambao hakuna anayeweza kueleza wameungana nasi wapi. Yupo mjomba aliyefika kutoka Kibuye kuuza samaki. Yupo shangazi aliyekuja kufua nguo kwa mwezi mmoja, akaolewa kutoka nyumbani kwetu kwa mahari aliyoipokea babu. Bibi alikuwa na kikundi cha akina mama, ikimina kama kinavyoitwa kule, kila wiki wanachanga na kumpa mmoja wao. Zamu yake ilipofika, fedha ziliishia kwenye ada ya shule ya mtoto wa mtu. Wanawe wa kumzaa waliwahi kulalamika. Naona walikuwa na haki ya kulalamika, kwa kuwa nao walikwenda shule na viatu vya kupokezana.

Kisha 1994. Waislamu wa Biryogo na Nyamirambo wanasifiwa hadi leo kwa kuwaficha majirani wakati wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, na sifa hiyo ni ya kweli. Lakini kwenye njia za chini, karibu na Nyabugogo, vizuizi vilikuwa vingi na waliouawa ni wengi. Babu alikuwa ameshafariki. Kati ya watoto wa mkeka, baadhi hawakuonekana tena baada ya Aprili. Mji uliangukia mikononi mwa Inkotanyi, wapiganaji wa RPF, tarehe 4 Julai. Bibi hakutusimulia miezi ile, nasi hatukumlazimisha. Alichofanya ni kutaja majina. Kila mwaka tarehe 7 Aprili, maombolezo ya taifa yanapoanza, alikaa na wajukuu akayasoma kwa moyo, jina na jina la mama yake, mpaka tukayashika. Katika majina yale watoto wake wa kuzaa na wale wa kupokea walichanganywa kwa mpangilio wa umri tu.

Nyumba nyingi za Rwanda zilichukua yatima mwaka ule. Yake ilijaa upya. Alikuwa na miaka karibu 60, umri ambao mwanamke anatazamia kuletewa chai, akaanza tena kuamka saa tisa usiku kukanda unga.

Miaka iliyofuata ilimletea karatasi. Sheria ya 1999 iliwapa mabinti haki ya kurithi sawa na kaka zao, na kuanzia 2009 serikali ilipima na kuandikisha ardhi nchi nzima, zaidi ya viwanja milioni 10. Bibi akapewa hati yenye jina lake. Aliiweka ndani ya msahafu, na kwa muda mrefu kila mgeni alitolewa hati aione. Mwaka 2017 Bunge lilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza, alifurahi kwa namna nyingine, ya kunyamaza. Alikuwa amekulia katika mji ambao kumwita mtu Mswahili kulikuwa kumwita mjanja na mwongo, na sasa vitukuu wake wangefundishwa lugha ya baba yake darasani.

Kilichomtesa ni Machi 2020, nchi ilipofungwa kwa sababu ya korona. Mlango ambao haukuwa umefungwa tangu ujengwe ukafungwa. Alikubali barakoa, akakubali maji ya kunawa, lakini kula peke yake hakukubali. Jirani aliwekewa sahani dirishani, wakala kila mmoja upande wake wa ukuta wakizungumza.

Alifariki kitandani mwake, baada ya ugonjwa mfupi, akazikwa siku ileile. Kwenye hitma watu walijaa kichochoro mpaka karibu na ruhurura ya Mpazi, ule mfereji mkubwa unaobeba maji ya mji kuyapeleka Nyabugogo, na wengi wetu hatukuwajua. Kila mmoja alijitambulisha kwa jina la mama yake, kama alivyofundishwa mlangoni.

Sasa eneo hilo linabadilika. Kando ya Mpazi maghorofa yanajengwa ili wenye nyumba za udongo wahamishiwe humohumo mtaani badala ya kupelekwa mbali, nami naona hilo ni jambo jema, maana anayehamishwa mbali hupoteza majirani pamoja na nyumba. Zamu ya kiwanja chetu ikifika itabidi tuseme ni nani wenyewe. Kwa hiyo tumenunua daftari, na mama mkubwa ndiye anayeandika. Binamu mmoja alipinga kuingizwa kwa mjomba wa samaki, akisema hati ya ardhi na orodha ya mkeka ni mambo mawili. Walibishana jioni nzima. Mama mkubwa aliwasikiliza, akauliza mama yake mjomba alikuwa nani, mjomba akamtaja, naye akaandika.