Mwaka Hollywood Ilipojianika

Wapenzi wa sinema wana kanuni yao ya tangu zamani: steringi hafi. Sunset Boulevard, filamu iliyotoka Marekani Agosti 1950, inaivunja kanuni hiyo dakika za mwanzo kabisa. Steringi wake, mwandishi wa filamu aitwaye Joe Gillis, anaelea kifudifudi kwenye bwawa la kuogelea la jumba la kifahari, risasi mwilini, huku polisi wakimpiga picha. Na ni maiti huyohuyo anayetusimulia kisa chote, tangu alivyoingia jumbani humo hadi alivyouawa na mwenye nyumba, Norma Desmond, nyota aliyesahauliwa wa filamu zisizo na sauti.

Miezi miwili baadaye ikaja All About Eve. Humo haumwagiki hata tone la damu, lakini mwigizaji mkongwe wa jukwaani, Margo Channing, ananyang'anywa nafasi yake kidogo kidogo na shabiki aliyemkaribisha mwenyewe, Eve.

Filamu kuhusu machungu ya umaarufu zilikuwapo kabla ya hapo. What Price Hollywood? ilitoka 1932, na A Star Is Born, kisa cha mume anayezama wakati nyota ya mkewe inapanda, ilitoka 1937 na imeshatengenezwa upya mara tatu: 1954, 1976 na 2018. Hata hivyo, mwaka 1950 ndio Hollywood ilipojianika hadharani, na filamu zake mbili zilionyesha jambo ambalo watazamaji wengi hulipita: wivu wa wasanii hauanzii moyoni peke yake. Unatengenezwa na mpangilio wa kazi yao.

Biashara yatikisika

Mwaka 1946 ulikuwa wa neema kubwa kwa studio za Marekani. Baada ya hapo mambo yakaanza kwenda mrama. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu dhidi ya Paramount na wenzake, na studio kubwa zikalazimika kuachana na majumba ya sinema zilizokuwa zikiyamiliki. Wakati huohuo televisheni ilikuwa ikiingia sebuleni na kuwabakiza watu nyumbani.

Kulikuwa pia na deni la zamani. Filamu zilipoanza kusema, mwishoni mwa miaka ya 1920, mastaa wengi walipoteza kazi kwa mkupuo. Kufikia 1950 walikuwa hai bado, wengi wao wakiishi jijini humohumo Los Angeles, na simu zao hazilii. Studio zilikuwa zimezoea kuwapandisha watu na kuwaacha. Sasa zenyewe zikaanza kuonja hofu hiyo ya kuachwa.

Majeraha ya kweli mbele ya kamera

Mwongozaji wa Sunset Boulevard, Billy Wilder, hakutafuta watu wa kuigiza kusahauliwa. Aliwaita waliosahauliwa wenyewe. Norma aliigizwa na Gloria Swanson, aliyezaliwa 1899, malkia wa kweli wa enzi ya filamu bubu. Walipomtaka afanyiwe majaribio mbele ya kamera kama mwanafunzi, alikasirika. Rafiki yake, mwongozaji George Cukor, ndiye aliyemshawishi akubali.

Mtumishi wa Norma, Max, aliigizwa na Erich von Stroheim. Katika kisa, Max ndiye mwongozaji wa zamani aliyemtoa Norma, tena alikuwa mumewe wa kwanza. Nje ya kisa, Stroheim aliwahi kumwongoza Swanson katika Queen Kelly, filamu iliyovunjika katikati mwaka 1929, Stroheim akaondolewa na Swanson mwenyewe akiwa miongoni mwa waliokuwa na kauli ya mwisho. Sasa tazama tukio hili: usiku, Norma yuko sebuleni akiutazama ujana wake kwenye pazia la sinema, na Max ndiye anayeendesha projekta. Vipande vinavyoonyeshwa hapo ni vya Queen Kelly yenyewe. Mwongozaji aliyefukuzwa anamwonyesha nyota wake filamu iliyowaharibia wote wawili.

Wageni wanaokuja kucheza karata kwa Norma nao si wa kubuni. Mmoja ni Buster Keaton, mchekeshaji aliyewahi kutamba dunia nzima. Cecil B. DeMille, aliyemwongoza Swanson tangu 1919, anaigiza nafasi yake mwenyewe.

Hata mwanzo wa filamu ulikuwa na kisa chake. Awali hadithi ilifunguliwa chumba cha maiti, marehemu wakipiga soga. Ilipojaribiwa mbele ya watazamaji huko Evanston, Illinois, watu waliangua kicheko, na Wilder akaufyeka mwanzo huo. Akaja na bwawa. Alitaka maiti aonekane kutoka chini, uso ukiwatazama samaki ambao hawapo, lakini kamera kwenye maji haikuwapa picha nzuri. Dawa ikapatikana: kioo kikubwa kikatandikwa sakafuni mwa bwawa, kamera ikabaki juu, ikapiga kilichoonekana kiooni.

Kikulacho ki nguoni mwako

All About Eve ilitokana na hadithi fupi ya Mary Orr iliyochapishwa na jarida la Cosmopolitan mwaka 1946. Orr aliisikia kutoka kwa mwigizaji Elisabeth Bergner, aliyemwonea huruma binti aliyekuwa akisimama nje ya ukumbi kila usiku, akamfanya mtu wa nyumbani, kisha akajuta.

Mwandishi na mwongozaji Joseph L. Mankiewicz alimpa Eve unyenyekevu wa kutisha. Anasimama mlango wa nyuma na mvua ikimnyeshea, anasimulia habari za mume aliyefia vitani ambaye hakuwahi kuwapo, anapanga barua, anabeba nguo. Birdie, msaidizi wa siku nyingi wa Margo, ndiye wa kwanza kunusa kitu. Siku moja Margo anamfuma Eve amejiwekea gauni la Margo kifuani, akiinamia kioo kana kwamba anapokea makofi. Baadaye Eve anateuliwa kuwa mwigizaji wa akiba, na rafiki wa Margo mwenyewe anamwaga mafuta ya gari ili Margo akose treni na onyesho. Usiku huo Eve anapanda jukwaani, na wahakiki wameshaalikwa.

Lakini zingatia kinachompa Eve upenyo. Margo ana miaka 40, na mwandishi wake anamtungia nafasi za wasichana wa miaka 20 na ushei. Hakuna anayeandika tamthilia kuhusu mwanamke wa umri wake. Kwa mpangilio huo, kila binti anayesimama mlangoni ni hatari, awe mwema au laghai.

Bette Davis, aliyeigiza Margo, aliyajua hayo kwa vitendo. Alikuwa na miaka 42, ametoka tu kuachana na studio ya Warner Bros. baada ya miaka 18, na nafasi yenyewe aliipata kwa sababu Claudette Colbert aliumia mgongo.

Usiku wa Machi 29

Machi 29, 1951, tuzo za Oscar zilitolewa ukumbi wa Pantages, Hollywood. All About Eve iliteuliwa mara 14, idadi ambayo hakuna filamu iliyoifikia hadi Titanic ya 1997; ikabeba tuzo sita, ikiwemo ya filamu bora. Sunset Boulevard iliteuliwa mara 11, ikapata tatu.

Tuzo ya mwigizaji bora wa kike iliwakutanisha Davis, Swanson na Anne Baxter, aliyeigiza Eve na kuwania kundi moja na Davis badala ya kuwa mwigizaji msaidizi. Wote watatu walikosa. Ikaenda kwa Judy Holliday, mwenye umri wa miaka 29, kwa filamu ya Born Yesterday. Wengi wanaamini Davis na Baxter waligawana kura. Fahali wawili hawakai zizi moja, na hapa hata filamu yenye somo hilo iliwaingiza wawili kundi moja.

Waliofuata

Mwaka 1962 studio zilijua kwamba uhasama wenyewe unauzika. What Ever Happened to Baby Jane? ikawaweka Davis na Joan Crawford nyumba moja kama madada wanaotesana. Davis aliteuliwa kuwania Oscar, Crawford hakuteuliwa. Crawford akajitolea kumpokelea tuzo mshindi asiyekuwapo, na Anne Bancroft aliposhinda, ni Crawford aliyepanda jukwaani huku Davis akisubiri nyuma ya pazia.

Kisha shabiki akageuka hatari. Machi 1981 John Hinckley alimpiga risasi Rais Reagan ili kumvutia mwigizaji Jodie Foster, ambaye alikuwa amemwona kwenye Taxi Driver. Mwongozaji wa Taxi Driver, Martin Scorsese, ndiye aliyeleta The King of Comedy, ambamo mchekeshaji asiye na jina anamteka nyara staa wa televisheni ili apewe dakika zake hewani. Japani ikatoa filamu ya katuni Perfect Blue ya Satoshi Kon mwaka 1997, na Black Swan ya 2010 ikampa Natalie Portman Oscar kwa kuigiza mcheza baleti anayemwogopa mbadala wake.

Wanaume nao wana yao, ila husuda yao hupewa sura nyingine. Katika Amadeus ya 1984, mtunzi wa muziki Salieri anamwonea kijicho mwenzake Mozart kwa kipaji alichopewa na Mungu. Margo na Norma hawaonei kijicho kipaji cha mtu. Vipaji wanavyo. Wanachoogopa ni miaka, na miaka hiyo inahesabiwa na mwajiri.

Anne Baxter alikuja kulithibitisha hilo mara mbili. Mwaka 1971, katika Applause, tamthilia ya muziki iliyotokana na All About Eve, alichukua nafasi ya Lauren Bacall na kuigiza Margo: Eve amekuwa Margo. Mwaka 1983 Bette Davis aliugua baada ya kipindi cha kwanza tu cha tamthilia ya televisheni ya Hotel, na aliyeingizwa badala yake ni Baxter huyohuyo. Safari hii hakukuwa na uongo, wala aliyemwaga mafuta ya gari la mwenzake. Nafasi ilikuwa moja, ratiba imefika, na tamthilia ilipaswa kuendelea.