Mageuko ya nyangumi

Mageuko ya nyangumi ni historia ya mamalia wa nchi kavu waliohamia baharini. Yalianza miaka milioni 50 hivi iliyopita, na katika muda wa takriban miaka milioni 10 wazao wao walikuwa viumbe wa bahari moja kwa moja. Nyangumi wa leo bado hupumua kwa mapafu na kunyonyesha. Mkia wake hupiga maji juu na chini, si kushoto na kulia kama wa samaki, kwa kuwa mgongo wake hukunjika vilevile kama wa mnyama anayekimbia.

Mifupa ya kale zaidi imetoka Pakistan na India. Pakicetus, nyangumi wa kale aliyeelezwa na wataalamu wa visukuku Philip Gingerich na Donald Russell mwaka 1981, alijulikana kwanza kwa fuvu tu: mfupa unaofunika sikio lake la kati ulikuwa na ukingo mnene ambao nyangumi wote wanao. Miguu yake ilipokuja kupatikana, ilikuwa ya kutembelea, mirefu na myembamba. Ambulocetus, aliyetangazwa mwaka 1994 na Hans Thewissen na wenzake, alikuwa na miguu mifupi na nyayo pana za kupigia maji.

Kilichosumbua zaidi ni ukoo. Wataalamu wa visukuku, Gingerich akiwa miongoni mwao, wakitazama meno, waliwahusisha nyangumi na wala nyama wenye kwato waliokwisha toweka. Vipimo vya DNA vya miaka ya 1990 vikaelekeza kwa kiboko. Jibu lilipatikana mwaka 2001 katika mfupa mdogo wa kifundo cha mguu. Kwa ng'ombe, ngamia, mbuzi na kiboko, mfupa huo umechongeka kama kapi juu na chini. Kila mchinja mbuzi ameushika. Nyangumi wa kale wa Pakistan walikuwa nao vilevile, na Gingerich mwenyewe akauacha msimamo wake wa awali. Hiyo haimaanishi kwamba nyangumi alitokana na kiboko. Wawili hao wana babu mmoja.

Ushahidi unaovutia kuliko wote uko Wadi Al-Hitan, jangwa la Misri lililokuwa sakafu ya bahari, ambalo UNESCO ililiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2005. Basilosaurus, nyangumi wa kale wa huko, alifikia mita 15 na zaidi, lakini miguu yake ya nyuma haikufika hata mita moja. Ilikuwa na goti, kifundo na vidole, ila nyonga haikuungana na uti wa mgongo, hivyo isingeweza kubeba mwili.

Nyangumi wa leo wamebakiwa na mifupa ya nyonga iliyozama ndani ya nyama. Kijusi cha pomboo, ambaye ni wa ukoo wa nyangumi, huota vichipukizi vya miguu ya nyuma, navyo hupotea kabla hajazaliwa. Mwaka 2006 wavuvi wa Taiji, Japani, walimnasa pomboo mwenye jozi ya ziada ya mapezi karibu na mkia.