UZI: Polisi kwanza au hospitali kwanza?

Kila msimu wa kampeni kuna mtu atapanda jukwaani aahidi kwamba wabakaji watahasiwa. Umati unashangilia, maikrofoni inapewa mwingine. Hakuna anayeuliza mama aliyebakwa Ijumaa usiku atatibiwa wapi Jumamosi asubuhi. Mimi nasoma sayansi ya siasa, na swali la nani anawajibika ndilo linaninyima usingizi. Kaa nami kidogo.

Kwanza, hiyo ya kuhasi si mpya. Ilikuwa kwenye mswada wa makosa ya kingono uliofika Bunge 2006, ikatolewa. Kosa la mume kumbaka mkewe likatolewa pia. Katika mjadala huo mbunge mmoja alidai mwanamke wa Kiafrika akisema hapana humaanisha ndiyo, na wabunge wanawake wakatoka nje. Kabla ya hapo, Kanuni ya Adhabu ya enzi za mkoloni iliweka ubakaji kwenye sura ya makosa dhidi ya maadili. Yaani aliyeumizwa hapo ni heshima ya jamii. Mwili wa mtu, shauri yake.

Sheria ya 2006 ilipita na adhabu kali. Watu hunukuu vifungo tu. Kifungu cha 35, kinachogusa matibabu kwa gharama ya serikali, sijawahi kukisikia kwenye mdahalo hata mmoja.

Na matibabu yana saa yake. Dawa za kuzuia HIV (PEP) lazima zianzwe ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora, kisha unazimeza siku 28. Za kuzuia mimba ni ndani ya saa 120. Sasa weka hapo mtu anayeamini kwamba bila namba ya OB na fomu ya P3 daktari hatamgusa. Anafika kituoni, anaambiwa rudi Jumatatu. Saa 72 ndizo hizo zimeenda.

Ukweli ni kwamba mwongozo wa Wizara ya Afya umekuwepo tangu 2004, na matibabu hayangoji polisi. Hospitali ina fomu yake, PRC, inayorekodi majeraha na ushahidi. P3 ni ya polisi na inaweza kufuata baadaye.

Mbona basi watu bado wanazungushwa? Hapa ndipo siasa inaingia. Katiba ya 2010 ilipeleka hospitali nyingi kwa kaunti, polisi wakabaki serikali kuu. Dawa zikikosekana, gavana analaumu Nairobi. Kituo kikikataa kuandika ripoti, gavana anasema polisi si wangu, na hapo hadanganyi. Mgonjwa yuko katikati, na nauli ni yake.

Mahakama zimejaribu kuziba hilo pengo. Mei 2013, Mahakama Kuu ya Meru iliamua kwamba polisi walikiuka haki za wasichana kwa kutochunguza vizuri malalamiko yao ya kunajisiwa. Desemba 2020, Mahakama Kuu Nairobi iliwapa manusura 4 wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 fidia ya shilingi milioni 4 kila mmoja. Hesabu miaka hapo. Kesi yenyewe ilifunguliwa 2013. Fidia ya miaka 13 baadaye haiwezi kurudisha zile saa 72.

Kwa hivyo mgombea ugavana akija kwenu, achana na kuhasi. Muulize zahanati ya wadi yenu ina PEP leo? Usiku kuna mhudumu anayejua kujaza PRC? Wa kitaifa naye aulizwe kuhusu dawati la jinsia hapo kituoni, kama huwa na mtu wikendi.

Na kama ni wewe, au rafiki yako: nenda hospitali kwanza. Ukiweza usioge kabla, na nguo uzibebe kwenye mfuko wa karatasi, plastiki huharibu ushahidi. Kama umeshaoga, nenda tu. Ukitaka mtu wa kukuelekeza, piga 1195. Ni bure.