Idirishya: Safari ya Dirisha Katika Nyumba za Rusizi

Nyumba ya kale ya Kinyarwanda haikuwa na dirisha. Ilikuwa ya duara, imesukwa kwa matete na fito, na nyasi zake zilianzia kileleni zikashuka hadi karibu na ardhi. Mgeni aliyeingia kutoka juani alisimama kidogo kwanza, macho yazoee giza. Mwanga wote ulipitia mlangoni, na mlango huo Wanyarwanda huuita umuryango, neno lilelile wanaloliita familia. Moshi wa mafiga ulipanda ukajichuja kwenye nyasi za paa, ukazikausha na kufukuza wadudu. Joto la moto lilibaki ndani usiku kucha, na usiku wa vilima vya Cyangugu, wilayani Rusizi, karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, unataka blanketi hasa. Kwa kuhifadhi joto, nyumba ile iliyashinda majengo mengi yaliyokuja baada yake. Gharama yake ililipwa na macho na mapafu, hasa ya akina mama waliokaa karibu na moto.

Dirisha lilipofika lilikuja na jina lake mkononi. Kinyarwanda huliita idirishya, nalo limetoka moja kwa moja kwenye Kiswahili, ambacho nacho kililipata kutoka Kiajemi. Msikilize fundi wa mji wa Kamembe akihesabu vifaa vya ujenzi: amatafari, amabati, imisumari, amadirishya. Yeye mwenyewe anaitwa umufundi. Kabla Bunge la Rwanda halijakifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, lugha hii ilikuwa imeshaingia katika kuta za nyumba za watu. Na hapa kuna jambo linalonigusa kila nikilifikiria: nyumba za mawe za Waswahili wa Lamu zenyewe ziliipa barabara kisogo, zikachukua mwanga na hewa kutoka kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani. Neno lilisafiri mbali kuliko desturi ya waliolibeba.

Cyangugu ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza za Rwanda kuona majengo ya wageni. Mwaka 1896 jeshi la mwami, mfalme wa Rwanda, lilishindwa huko Shangi na askari waliotoka upande wa Kongo, na mwaka 1898 Wajerumani wakaweka kituo chao hapohapo. Mwaka uliofuata Richard Kandt, ambaye baadaye alianzisha Kigali, alikuwa amejenga makazi yake karibu na Ziwa Kivu, akayaita Bergfrieden. Mapadri Weupe wakafungua misheni ya Mibirizi mwaka 1903. Kutoka pwani hadi Kivu ni zaidi ya kilomita elfu moja. Kubeba kioo kichwani kwa safari hiyo si kazi ndogo, ilhali mbao zilipatikana papo hapo.

Wabelgiji walipoingia mwaka 1916, mambo yalibadilika kwa namna inayoonekana hadi leo. Ng'ambo ya Mto Rusizi kulikua mji wa Costermansville, ambao sasa ni Bukavu, na nyumba zake ziligeuzwa zitazame maji. Upande wa Cyangugu nao ukashika mtindo huo. Hapa pana siri ambayo wanunuzi wa viwanja wa siku hizi huigundua wakiwa wamechelewa: ukiwa Cyangugu, ziwa liko magharibi na kaskazini-magharibi. Anayetaka dirisha la kutazama Kivu ananunua pamoja nalo jua la alasiri, jua la chini linaloingia moja kwa moja hadi kwenye kitanda. Wajenzi wa zamani walilijua hilo. Ndiyo maana waliweka baraza ndefu, paa lililotokeza mbele ya ukuta, na vibao vya kufunga nje ya kioo. Dirisha lenyewe lilikuwa la fremu nyembamba ya chuma, lenye vioo vidogovidogo vilivyoshikwa kwa mastiki, na mabawa mawili yanayofunguka yote kuelekea nje. Ukilifungua, tundu zima linapata hewa. Juu yake mara nyingi palikuwa na safu ya matofali ya matundu ambayo haifungwi kamwe, na hewa ya moto inayopanda darini hutokea hapo.

Nyumba ya mwananchi wa kawaida ilibaki na kidirisha cha ubao, kikubwa kidogo tu kuliko daftari. Sababu kubwa ilikuwa uzito wa ukuta. Dirisha pana linataka boriti juu yake, na boriti ya zege inataka saruji. Mwaka 1984 kiwanda cha Cimerwa kilianza kazi Bugarama, kusini mwa wilaya hii, na saruji ikawa kitu kinachotengenezwa nyumbani. 

Kisha ukaja mwaka 1994. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wauaji waling'oa pia milango, madirisha na mabati ya nyumba za wahanga. Kote nchini palibaki kuta zenye matundu manne au matano yanayotazama bila jicho, na nyasi zikaota sebuleni. Kinyarwanda huliita gofu kama hilo itongo. Kwa aliyenusurika, kurudi na kuweka tena dirisha kulikuwa tangazo kwamba humu ndani bado kuna mtu.

Baadaye zikaja sera. Imidugudu, vijiji vya pamoja, kuanzia mwisho wa mwaka 1996. Kampeni ya kuondoa nyakatsi, nyumba za nyasi, mwaka 2010 na 2011. Kati ya hizo mbili kulikuwa na kazi iliyobadilisha zaidi thamani ya nyumba: usajili wa ardhi uliopelekwa nchi nzima kuanzia 2009. Mwenye hati anaweza kuweka nyumba yake dhamana benki, na benki humtuma mthamini. Mthamini hutazama ukuta, paa, sakafu na madirisha. Hapo ndipo dirisha la aluminiamu lilipopata heshima yake.

Simama leo kwenye karakana yoyote ya Kamembe uone. Dirisha la chuma la zamani limelazwa kwenye mchanga, fundi amepiga magoti juu yake na patasi. Mastiki imekauka ikawa ngumu kama jiwe, inaruka vipande vipande. Chini ya rangi, kutu imekula kona mbili za chini tu, pale maji ya mvua yanapotuama. Sehemu iliyobaki ni chuma kizima, bawaba bado zinazunguka. Kesho litauzwa kwa kilo, liende kuyeyushwa. Mahali pake patawekwa kioo kipana cha kuteleza, chenye fremu inayong'aa.

Dirisha hilo jipya halipati kutu, halivuji mvua likifungwa sawasawa, na linaingiza mwanga mwingi hata taa haiwashwi mchana. Hizo ni faida za kweli na sizidharau. Lakini bawa moja huteleza nyuma ya lingine, kwa hiyo nusu tu ya tundu hufunguka. Aliyekuwa na dirisha la mita moja na nusu la kufunguka lote, akaweka la kuteleza la upana uleule, amepoteza nusu ya hewa yake.

Wapo pia wanaoshauriwa kununua kioo cha tabaka mbili. Ni uvumbuzi mzuri. Thomas Stetson aliupatia hataza Marekani mwaka 1865, na hewa inayofungwa kati ya vioo viwili huzuia joto la ndani lisitoroke. Umezaliwa na nchi ambazo watu hununua joto: makaa, gesi, umeme wa kupasha nyumba miezi mitano au sita. Kamembe nani ananunua joto? Nyuzi ni kama 20 karibu mwaka mzima. Bili ya kupasha nyumba haipo, basi hakuna bili ya kupunguza. Nyumba ya hapa hupoteza joto usiku, na kupata joto mchana, kupitia bati lisilo na dari. Mwenye pesa ya kioo cha tabaka mbili aanze na dari. Atausikia usingizi wake ukibadilika wiki ileile.

Bugarama ni habari nyingine kabisa. Kutoka Kamembe barabara inateremka hadi bonde la mpunga, na huko Mto Rusizi unapoiaga Rwanda ndipo mahali pa chini kuliko pote nchini, karibu mita 950. Ni joto, na maji ya mashamba huzaa mbu. Huko kioo kipana kisicho na kivuli ni tanuri. Dirisha la Bugarama linataka tundu kubwa, kivuli kirefu na wavu. Wavu huo si jambo dogo. Mwaka 1899 na 1900 Angelo Celli aliweka nyavu kwenye madirisha ya nyumba za wafanyakazi wa reli nchini Italia, na malaria ikapungua sana kwa waliolala humo. Kanuni za Rwanda za majengo rafiki kwa mazingira, zilizotolewa mwaka 2019, nazo zinasisitiza hewa na mwanga wa asili.

Jambo moja zaidi, na hili naliomba kwa moyo wote. Jumapili tarehe 3 Februari 2008, asubuhi, tetemeko la kipimo cha 5.9 liliitikisa Rusizi na Bukavu. Watu zaidi ya 30 walikufa upande wa Rwanda, wengine wakiwa kanisani. Tuko juu ya Bonde la Ufa, na litatikisika tena. Kupanua dirisha ni kukata ukuta. Usimruhusu fundi apanue tundu la ukuta wa matofali bila boriti ya zege juu yake, na kama nyumba haina mkanda wa zege unaozunguka kuta zote, liache tundu lilivyo.

Na kabla hujaliuza lile la chuma, mwite fundi wa kuchomelea. Akate kona mbili zilizooza, aunge chuma kipya, apitishe brashi ya waya na rangi ya kuzuia kutu, abadilishe mastiki na vioo vilivyopasuka, na aweke wavu kwa ndani. Kama linatazama ziwa, ongeza paa mbele yake lilizuie jua la alasiri. Litafunguka lote, na mthamini naye atalihesabu.