Spana Zilizofuliwa Kando ya Injini

Pistoni haiingii katika silinda kwa kusukumwa tu. Ringi zake zikiwa huru hutanuka kuliko tundu linalozisubiri, hivyo sharti zibanwe kwanza. Viwanda huuza kifaa cha kazi hiyo. Fundi wa jua kali, yaani wa sekta isiyo rasmi, asiye na kifaa hicho hukata ukanda wa bati la debe, akauzungusha kwenye pistoni, akaukaza kwa waya, akapaka oili, kisha akagonga kichwa cha pistoni taratibu kwa mpini wa nyundo. Pistoni huzama, bati hubaki juu.

Ustadi huu una historia, na Nairobi ni mahali pazuri pa kuifuatilia. Reli ya Uganda, iliyopita hapo na kujengwa kati ya 1896 na 1901, ilileta kutoka India vibarua na mafundi wapatao 32,000. Wengi walirudi kwao. Miongoni mwa waliobaki, na waliowafuata baadaye, walikuwamo Masingasinga waliojua chuma, mbao na mashine, na karakana zao zikawa shule bila ubao wala cheti. Mwafrika aliingia akiwa kibarua wa kushika taa na kuosha vipuri kwa petroli. Aliyekuwa na jicho alitoka na ufundi, ila hakutoka na vifaa, kwa kuwa vifaa vilikuwa mali ya tajiri.

Hapo ndipo ilipozaliwa kazi ya kujifulia vifaa. Mtafiti Kenneth King, aliyewafuatilia mafundi wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuchapisha kitabu chake The African Artisan mwaka 1977, alionyesha jinsi ujuzi ulivyohama kutoka karakana za Wahindi hadi vibanda vya mitaani. Alionyesha pia kwamba mafundi hao hawakutengeneza bidhaa za kuuza tu, bali hata mashine za kuzitengenezea. Ajira nazo zilikuwa zikipanuka. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni ya uchukuzi, na magari makuukuu yakapata maisha mapya. Gari la namna hiyo halikai wiki nyingi bila kuhitaji mkono wa fundi, na mwenyewe hataki lilale gereji hata siku moja.

Malighafi ilitoka kwenye magari yenyewe. Springi ya lori ni chuma chenye kaboni ya kutosha kukubali kukazwa kwa moto, na hafu shafti iliyokatika ni chuma kigumu kuliko nondo yoyote ya dukani. Springi ilizaa patasi na bapa za kung'olea; hafu shafti ikazaa nyundo na mitaimbo. Kwa nati iliyojificha ndani, bomba lilipashwa moto likagongwa juu ya kichwa cha bolti mpaka likashika umbo lake la pembe sita, na hapo spana ya boksi ikapatikana. Mnyororo wa baiskeli uliounganishwa kwenye kipande cha chuma ulifungua filta ya oili iliyokataa mkono.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kuyapa makali ugumu unaofaa. Kipimajoto hakikuwapo, kwa hiyo fundi alisoma rangi. Chuma kilipashwa hadi kiwe chekundu na kipite kidogo kiwango ambacho sumaku hukiachia, yaani karibu nyuzi 770 za Selsiasi, kisha kikazamishwa katika oili chakavu. Kikitoka hapo ni kigumu lakini huvunjika kama kioo. Basi husuguliwa king'ae, hupashwa tena polepole, na rangi hupanda juu yake: manjano ya nyasi kavu, hudhurungi, zambarau, buluu. Anayetaka patasi ya kupigwa nyundo husimamisha moto rangi inapofika zambarau. Akichelewa kidogo, ncha hulegea. Hayo ni maarifa kamili ya metali, na yanastahili kuitwa hivyo.

Vipimo navyo vilipatikana. Bapa la msumeno wa chuma lina unene wa takriban milimita 0.6, unaokaribia nafasi ya plagi katika injini nyingi za zamani. Hata kifaa cha kusaga valvu kilibuniwa: kipande cha mpira wa petroli kilivikwa kwenye shina la valvu na kijiti kikachomekwa upande wa pili, halafu viganja viwili vikapekecha.

Serikali ilichelewa kuyaona haya. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, ya mwaka 1972, iliitangazia dunia sekta isiyo rasmi, lakini vibanda viliendelea kubomolewa na askari wa jiji. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji na kuahidi mabanda, na mwaka 1992 ukatolewa waraka wa sera wenye jina la jua kali. Katika nyaraka hizo fundi alihesabiwa zaidi kama mtu aliyepata ajira. Alichokijua kuhusu chuma hakikupewa uzito unaostahili.

Hata hivyo, vifaa hivi vya kujifulia vilikuwa na mipaka. Kibanio cha springi ya valvu kilichochomelewa vibaya kikiteleza huweza kupofusha jicho. Bolti za silinda hedi zikikazwa kwa kukisia, gaskiti huungua. Hata hapo kuna njia: mizani ya ndoano ikivutwa kilo 10 kwenye ncha ya mpini wa mita moja hutoa nguvu ya mkazo ya takriban nyutoni-mita 98.

Tangu miaka ya 1990 magari yaliyotumika kutoka Japani yameleta vihisi na kompyuta, mambo yasiyofuliwa kwa nyundo. Lakini chini ya nyaya hizo bado kuna chuma. Katika injini ya dizeli ya Peugeot aina ya XUD, kamshafti na pampu hufungwa kwa bolti za kawaida za milimita 8 wakati wa kubadilisha mkanda wa taimingi, na gurudumu la injini huzuiwa kwa kijiti cha unene huohuo, ambacho shina la keekee hukitosheleza.