Haki ya kura (Arua, Uganda)

Haki ya kila raia wa miaka 18 au zaidi, kwa kifungu cha 59 cha Katiba ya 1995. Mkazi wa Ediofe, penye kanisa kuu la Jimbo Katoliki la Arua, hupiga kura kituoni alikoandikishwa tu. Kitaifa, waliojitokeza walizidi asilimia 70 mwaka 1996. Mwaka 2021 hawakufika 60. Uchaguzi mdogo wa Manispaa ya Arua, 15 Agosti 2018, ulifuata kuuawa kwa mbunge Ibrahim Abiriga. Siku mbili kabla ya kura, Yasin Kawuma, dereva wa Bobi Wine, mwanamuziki na mbunge wa wakati huo, aliuawa kwa risasi. Kassiano Wadri, mgombea binafsi, alishinda akiwa kizuizini. Juni 2020 Mahakama Kuu iliwatambulia wafungwa haki ya kupiga kura; mwaka 2021 hawakupiga, na hiyo ni dhuluma.